Mashine ndogo za TIG kwa karakana ya nyumbani: aina tatu zikiwekwa bega kwa bega

Anayetafuta mashine ya bei nafuu ya TIG, yaani kuchomelea kwa ncha ya tungsteni iliyofunikwa na gesi, kwa ajili ya kazi zake mwenyewe hukutana madukani na maboksi matatu yanayofanana sana kwa nje. La kwanza lina inverta ya vijiti, yaani mashine ndogo ya kielektroniki ya kuchomelea kwa vijiti, iliyoongezewa TIG ya kugusa na kuinua. La pili lina mashine ya TIG hasa, ya mkondo mnyoofu (DC) peke yake, inayowasha moto kwa cheche bila ncha kugusa chuma. La tatu lina mashine inayotoa mkondo mnyoofu na mkondo geu (AC) pia, ambayo kwa hiyo inaweza kuchomelea alumini. Nimefanya kazi na aina zote tatu katika karakana yangu ya uani hapa Morogoro: ya kwanza niliinunua, ya pili niliinunua baada ya mwaka mmoja, na ya tatu niliazimwa na fundi jirani kwa wiki tatu, nami nikaitumia karibu kila jioni. Sitaji majina ya viwanda, kwa sababu tofauti zitakazomgusa mnunuzi ziko katika aina ya mashine kuliko katika jina lililochapishwa ubavuni.

Kwa bei hazifanani hata kidogo. Nilipozunguka kuuliza, ya pili iligharimu karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na ya tatu ilikaribia mara nne. Nitasema mapema ninakoelekea: kwa mtu anayefanya kazi za chuma na stenlesi mwishoni mwa wiki, ningechagua ya pili, na sababu yangu kubwa ni gesi.

Anayetaka kutengeneza mageti, madirisha ya nondo na mabanda ya kuku asinunue hata moja kati ya hizi kwa ajili ya TIG. Kazi ya TIG ni ya polepole. Mshono ambao kijiti cha milimita 2.5 kinaumaliza kwa nusu dakika, TIG huutaka dakika mbili au tatu, na chuma sharti kisafishwe mpaka king'ae, ilhali kijiti huvumilia kutu kidogo na upepo wa uani. TIG hulipa pale chuma kinapokuwa chembamba, kati ya milimita 1 na 3, au pale mshono unapotakiwa usivuje au uonekane: fremu ya baiskeli, egzosi ya pikipiki, tangi dogo la stenlesi, mguu wa meza wa bomba la mraba lenye unene wa milimita 1.2 ambalo kijiti hulitoboa kabla hujasogeza mkono.

Njia hii ilianzia kwenye viwanda vya ndege. Mwaka 1941 Russell Meredith wa kampuni ya Northrop, Marekani, aliunganisha magnesi kwa ncha ya tungsteni iliyofunikwa na gesi ya heli, na kanuni haijabadilika tangu hapo. Ncha ya tungsteni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, hubeba moto bila yenyewe kuliwa. Gesi isiyochangamana na chuma hulifunika dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Na mkono wa pili huongeza waya wa kujazia tone kwa tone. Kwetu gesi hiyo ni agoni safi. Mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi unaotumika kwenye mashine za MIG, zile zinazosukuma waya zenyewe, haufai kabisa, kwa sababu huiunguza ncha mara moja, na nalisema hili wazi kwa kuwa nimeshuhudia mtungi wa mchanganyiko ukiuzwa kwa kijana aliyeomba gesi ya TIG.

Kuwasha na kuzima

Mashine hizi huachana kwanza pale unapowasha moto. Katika ile ya kugusa na kuinua, unagusisha ncha kwenye chuma huku mashine ikipitisha mkondo mdogo tu, kisha unainua tochi, yaani mkono unaoshika ncha na kupitisha gesi, kama milimita mbili na moto unawaka. Usiichanganye na kuparuza, njia ya zamani ya kuburuza ncha juu ya chuma kama njiti ya kiberiti, ambayo huivunja ncha na kuacha chembe za tungsteni ndani ya mshono. Zipo inverta za bei ya chini kabisa zinazouzwa kwa jina la TIG ilhali huwashwa kwa kuparuza, na hizo nashauri ziachwe. Kugusa na kuinua kunafundishika. Mimi kulinichukua jioni mbili: unauegemeza ukingo wa kikombe cha kauri juu ya chuma, unaibingirisha tochi mpaka ncha iguse, unaibingirisha kurudi, na moto unatokea kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa taratibu.

Hata hivyo kila kugusa kuna hatari ya ncha kunata, na ncha iliyonata huchafuka, na iliyochafuka ni lazima irudi kwenye grainda. Jioni moja nikishona egzosi, penye nafasi finyu katikati ya mabomba mawili, niliinoa ncha mara tisa kwa mshono usiofika urefu wa kidole. Baadaye nilifanya kazi ya namna ileile kwa mashine ya pili. Unaiweka ncha pale unapotaka, unashusha barakoa, unabonyeza swichi ya tochi, gesi inatangulia kwa nusu sekunde, kisha cheche ya masafa ya juu inaruka pengo na moto unashika. Sikunoa hata mara moja. Cheche hiyo ina masharti yake, kwani huingilia redio na inaweza kuharibu kompyuta iliyo karibu, na mtu aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo hapaswi kuikaribia.

Wanunuzi wengi huuliza juu ya kuwasha na kusahau kuuliza juu ya kuzima, nami naona kuzima ni jambo zito zaidi. Mashine yangu ya kwanza haina njia ya kupunguza mkondo mwishoni. Moto huzimwa kwa kuvuta tochi mbali na chuma. Ukivuta tochi unavuta na gesi, na dimbwi ambalo bado ni jekundu linaachwa wazi kwa hewa. Ukilitazama likishapoa utaona kishimo kilichodidimia, cheusi, na katikati yake tundu la ukubwa wa ncha ya sindano. Kwenye mguu wa meza tundu hilo halina madhara makubwa, lakini kwenye tangi la maji ndipo litakapovuja, na kwenye fremu ya baiskeli ndipo ufa utakapoanzia. Njia ya kulikwepa ni kuumalizia mshono juu ya kipande cha ziada ambacho utakikata baadaye, au kuongeza tone la waya na kukimbiza tochi upande kwa haraka. Nilijifunza zote mbili, na zote mbili hushindwa ukichoka.

Mashine ya pili hushusha mkondo yenyewe kwa sekunde unazochagua, halafu huendelea kumwaga gesi juu ya mshono na juu ya ncha wakati vinapoa. Kanuni inayotumika na wengi ni sekunde moja ya gesi kwa kila ampea 10, kwa hiyo mshono wa ampea 80 huhitaji sekunde nane ukiwa umeishikilia tochi palepale bila kutikisika. Hili pekee liliboresha kazi yangu kuliko mazoezi yote ya miezi iliyotangulia. Aina ya pili na ya tatu kwa kawaida zina pia tundu la kuunganisha pedali, ambayo huongeza na kupunguza mkondo kwa mguu kama mafuta ya gari. Ni nzuri kwa kazi ya mezani, ila haina msaada ukiwa umelala chini ya pikipiki.

Hesabu ya gesi

Agoni ni takriban asilimia 0.93 ya hewa tunayovuta, na hutenganishwa viwandani kwa kuipoza hewa mpaka iwe kimiminika. Ndiyo maana haipatikani kila mtaa kama gesi ya kupikia, na ndiyo maana bei ya mashine ni mlango tu wa gharama. Mtungi wa kwanza, pamoja na amana yake, ulinigharimu zaidi ya inverta yenyewe, na kila ukiisha husafirishwa kwenda Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 190, na kurudishwa.

Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 una takriban lita 2,000 za gesi. Ukiweka mtiririko wa lita 7 kwa dakika, ambao unatosha kwa ncha ya milimita 1.6 mahali pasipo na upepo, unapata dakika 285, yaani saa nne na dakika arobaini na tano za gesi kutoka. Swali la maana ni kiasi gani cha muda huo kinaangukia kwenye mshono. Katika mashine ya kwanza gesi hufunguliwa kwa mkono, kwa kishikio kidogo kilicho juu ya tochi. Unaifungua kabla ya kugusa, unachomelea sekunde kumi, unainua barakoa kutazama, unatafuta waya uliobingirika chini ya meza, na wakati wote huo gesi inatoka. Jioni moja nilipima kwa saa ya simu: moto uliwaka dakika 11, na gesi ilikuwa wazi dakika 26. Zaidi ya nusu ya nilichokilipia kilikwenda hewani.

Kuna na hasara iliyo mbaya kuliko hiyo. Usiku mmoja nilifunga kishikio cha tochi nusu nusu na sikufunga mtungi, na asubuhi mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye sifuri. Mtungi ulikuwa na siku tatu tangu ujazwe. Tangu hapo mtungi hufungwa kila ninapoondoka mezani, hata kwenda kunywa maji.

Mashine ya pili na ya tatu zina vali ya umeme ndani, inayofunguka kwa swichi ya tochi na kufunga yenyewe muda wa kupoza unapokwisha. Kwa matumizi yangu, mtungi uleule sasa unanifikisha karibu mara mbili ya pale ulipokuwa ukinifikisha, na tofauti ya bei kati ya mashine hizi mbili nilikuwa nimeirudisha kabla ya mtungi wa saba kwisha. Anayeishi karibu na kiwanda cha gesi atapata hesabu nyingine, na anayechomelea mara nne kwa mwaka hatafika mtungi wa saba kamwe. Huyo wa mwisho inverta ya kugusa na kuinua inamtosha, naye asishawishiwe vinginevyo.

Umeme wa nyumbani na kibandiko cha nyuma

Hapa TIG ina sifa ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi. Kwa kipimo cha kawaida cha viwanda, volti za moto wa TIG huhesabiwa kuwa 10 kujumlisha 0.04 mara ampea, na za kijiti kuwa 20 kujumlisha 0.04 mara ampea. Kwa hiyo ampea 90 za TIG ni volti 13.6, ambazo ni wati 1,200 hivi kwenye chuma, wakati ampea 90 za kijiti ni wati 2,100. Ukiweka na upotevu wa inverta ya kawaida, TIG hiyo itavuta ukutani kama ampea 9 au 10 kwenye volti 230, na kijiti kitavuta zaidi ya 16. Soketi zetu ni za plagi yenye fyuzi ya ampea 13. Maana yake ni kwamba mashine ileile inayounguza plagi yako ukitumia kijiti cha milimita 3.2 itafanya kazi ya TIG ya chuma cha milimita 2 jioni nzima bila plagi kupata joto la kutisha. Waya wa kurefushia uwe wa milimita mraba 2.5, mfupi, na ukunjuliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa kuwa ukiachwa umejikunja hupata joto hata mkondo ukiwa mdogo.

Usiiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma, penye safu iliyoandikwa X kwa asilimia, na chini yake ampea. Asilimia hiyo ni sehemu ya dakika kumi ambayo mashine inaweza kufanya kazi kabla ya kupumzishwa, ikipimwa kwenye joto la nyuzi 40. Mashine ya ampea 200 kwa asilimia 35 hufanya kazi dakika tatu na nusu katika kila kumi, na ukitaka ifanye bila kupumzika utabaki na ampea 118 hivi. Ikiwa ni ampea 200 kwa asilimia 20, utabaki na 89 tu. Mashine mbili zenye namba moja ubavuni, basi, zinaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa. Kwenye kibandiko hichohicho tafuta I1eff, ambayo ndiyo ampea za kuchagulia waya na fyuzi. Mashine isiyo na kibandiko cha namna hii sikuinunua, ingawa muuzaji alinipunguzia bei mara mbili nikiwa bado nimesimama pale.

Kwa mtu wa nyumbani ampea nyingi hazina kazi kubwa. Kadirio zuri ni ampea 40 kwa kila milimita ya unene wa chuma, kwa hiyo bomba la milimita 1.5 ni 60 na bati nene la milimita 3 ni 120. Kinachobana ni upande wa chini. Mashine yangu ya kwanza haitulii chini ya ampea 20, na moto wake hutangatanga; ya pili hushuka mpaka 10 na kubaki imesimama wima, jambo unaloliona unaposhona ukingo wa sahani ya stenlesi.

Alumini, na bei yake

Alumini hufunikwa na ngozi ya oksidi inayoyeyuka kwenye nyuzi 2,072, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660. Ukiipashia moto kwa mkondo mnyoofu wa kawaida, chuma huyeyuka chini ya ngozi hiyo na kuwa kama uji ndani ya mfuko, hakiungani. Mkondo geu huibandua ngozi katika nusu moja ya mzunguko na kupasha joto katika nusu nyingine. Hakuna ujanja wa tochi wala wa waya utakaoifanya mashine ya kwanza au ya pili ifanye kazi hii, na muuzaji anayekuambia vinginevyo muombe akuonyeshe palepale.

Ile mashine niliyoazimwa ilikuwa na uzito wa kilo 18, zaidi ya mara mbili ya ile yangu ya pili, na iliniwia vigumu kuibeba kwa mkono mmoja kupanda ngazi. Kwa alumini safi ya bati la milimita 3, nikiwa na waya wa kujazia wa aina ya 5356 na ampea 120 hivi, nilipata mshono wenye magamba yaliyopangana kufikia jioni ya nne. Kwa kifuniko cha injini ya pikipiki, ambacho ndicho watu wengi hukitolea macho wanapoitamani mashine hii, mambo yalikuwa mengine: alumini ya kumiminwa iliyonywa oili kwa miaka kumi hutema weusi kila unapoipasha joto, na hata kwa waya wa 4043, unaofaa zaidi kwa kazi hiyo, niliikata na kuirudia mara tatu. Aidha, kwenye ampea hizo soketi ya nyumbani ilianza kulemewa. Kama alumini ni kazi moja au mbili kwa mwaka, ni nafuu kumlipa fundi mwenye mashine hiyo. Kama ndiyo kazi unayoipenda, usipoteze fedha kwa aina ya pili ukidhani utapanda hatua kwa hatua, maana utaishia kununua mashine mbili.

Mambo yasiyobadilika kwa mashine yoyote

Ncha ya tungsteni yenye lanthani asilimia 2, inayotambulika kwa rangi ya buluu, hufaa kwa mikondo yote miwili, na humwepusha mtu na vumbi la ile nyekundu yenye thori, ambayo ina mionzi. Inolewe kwa urefu, mistari ya jiwe ikielekea nchani, mpaka sehemu iliyochongoka iwe na urefu wa mara mbili na nusu ya unene wake. Grainda iwe mbali na mashine, kwa sababu feni ya inverta hufyonza vumbi la chuma na kuliweka juu ya saketi.

Barakoa za kujitia giza zenyewe, zile za bei ndogo zenye vihisi viwili, huingia giza na kutoka ovyo zikikutana na moto wa TIG wa ampea chache. Chukua yenye vihisi vinne, iliyoandikwa kiwango cha chini cha ampea za TIG. Moto huu hauna moshi mwingi, na kwa hiyo mionzi yake huifikia ngozi bila kizuizi, hivyo funga kifungo cha shingo. Bomba lililopakwa zinki lisuguliwe mpaka zinki iishe, kwani mvuke wake huleta homa. Chuma kisafishwe kwa asetoni na kiachwe kikauke. Dawa za kusafishia breki zenye klorini zisitumike hata kidogo, kwa sababu moto huzigeuza kuwa gesi ya sumu inayoweza kuua. Agoni nayo ni nzito kuliko hewa na haina harufu, hivyo usifanye kazi ndani ya shimo au tangi.

Siku ya kununua, kagua plagi za kebo upande wa mbele: mashine ndogo nyingi hutumia tundu dogo la Dinse, yaani plagi ya kuingiza na kuzungusha, la 10-25 na nyingine kubwa la 35-50, na tochi ya moja haiingii kwa nyingine. Uliza kama tochi ni ya namba 17 au 26, kwa sababu vikombe na vishikio vya hizo mbili ni vilevile na hupatikana kwa urahisi. Kisha, kabla hujalipia mtungi, chukua regileta (kipunguza shinikizo la gesi) iliyokuja ndani ya boksi uende nayo kwa muuzaji wa gesi, uifunge kwa mkono kwenye mtungi wake, na uhakikishe uzi unakubali mizunguko yote bila kulazimishwa.